Malenga na Ile Jumlisha Moja

Naomba radhi kwa kimya cha majuma matatu. Kazini tulikuwa na mradi wa kukabidhi na nusu ya siku hizo nililala ofisini. Leo siandiki juu ya hifadhidata wala seva. Naandika juu ya mchezo, na juu ya rafiki yangu aliyeuacha kwa sababu yangu.

Wanaonijua wanajua kwamba kila Jumamosi alasiri mimi na wenzangu wanne hukaa mezani kwangu hapa Nairobi tukicheza Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua: mtu mmoja ni mwamuzi, ndiye anayesimulia mambo ya ile dunia na kuwaendesha maadui. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Ukitaka kufanya jambo la hatari unatupa dadu yenye pande 20, unajumlisha nambari zako, na jumla ikifika kiwango kilichowekwa umefaulu. Kila mhusika ana klasi, yaani kazi yake: mpiganaji, mwizi, kuhani, mchawi na kadhalika. (Waandishi wenzangu wa programu, ndiyo, ni karibu sana na ile klasi yetu. Nayo pia hurithi makosa ya mzazi wake.)

Mwamuzi ni mimi. Tulikuwa tunatumia vitabu vya toleo la 3.5, vya mwaka 2003, kwa sababu ndivyo nilivyovipata kwa bei ya mtumba. Rafiki yangu, ambaye tulikaa naye chumba kimoja miaka yote ya chuo, alichagua klasi ya bard. Mimi naiita malenga, na kwa neno hilo nitaendelea. Malenga wa toleo hilo akiimba vitani, wenzake wote wanapata +1 kwenye kushambulia na +1 kwenye jeraha wanalompa adui. Basi kila zamu yake ilikuwa hiyo hiyo: "Naendelea kuimba." Kisha wenzake wanashambulia, nusu ya mara wanasahau kuijumlisha ile moja, naye anawakumbusha kama karani wa kodi.

Jumamosi moja alikuja na kijidaftari. Kila mtu aliposhambulia, yeye aliandika dadu ilivyoanguka. Usiku tulipokuwa tunakusanya vikombe akanisomea: mashambulizi 43, na katika hayo ile moja yake iligeuza kukosa kuwa kupata mara mbili tu. Nikapiga hesabu kichwani. Dadu ina pande 20, na +1 inabadili matokeo ya upande mmoja tu, kwa hiyo 43 gawa kwa 20 ni mbili na chenji. Hakuwa na mkosi. Kanuni ndiyo ilivyo. "Nimeimba saa nne nzima," akasema, "kwa ajili ya mara mbili." Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake.

Nikafanya tunachofanya sisi tukikuta msimbo usioeleweka: kabla ya kumtukana aliyeuandika, soma historia ya faili. Na historia ya klasi hii ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin. Klasi zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwizi akaongezwa mwaka 1975. Malenga alikuja Februari 1976, tena si kutoka kwa wenye mchezo bali kwa Doug Schwegman, katika jarida dogo la TSR liitwalo The Strategic Review. Schwegman alieleza wazi alichokuwa anachanganya: skaldi wa watu wa kaskazini, aliyekuwa mshairi na mpiganaji kwa pamoja, bardi wa Wakelti, mweka kumbukumbu za ukoo na sheria, na mwimbaji msafiri wa Ulaya ya kusini, aliyekwenda kutoka ua hadi ua akitafuta chakula na mapenzi. Watu watatu, kazi tatu, klasi moja. Matokeo yake ni mtu wa kila kitu kidogo kidogo: anapigana kiasi, anaiba kwa nusu ya uwezo wa mwizi, ana uchawi kiasi, anapumbaza watu kwa muziki na anajua habari za kale.

Mnajua kinachotokea ukimpa mteja mmoja nafasi ya kuomba mambo ya idara tatu. Lakini simlaumu Schwegman. Alikuwa msomaji aliyetuma makala, nasi bado tunaitumia rasimu yake karibu miaka 50 baadaye. Wangapi wetu tutasema hivyo?

Mwaka 1978 Gygax alitoa Players Handbook ya toleo lililoitwa Advanced Dungeons & Dragons, na humo malenga amewekwa mwishoni kabisa, kwenye nyongeza, kama mtu ambaye mwenye nyumba hana hakika kama amemwalika. Na masharti yake! Huanzi kuwa malenga. Unaanza kuwa mpiganaji hadi walau ngazi ya 5, lakini uache kabla ya kufika ya 8. Kisha unakuwa mwizi, tena hadi ngazi ya 5 au zaidi, uache kabla ya 9. Hapo ndipo unapokubaliwa kuanza umalenga chini ya mafunzo ya druidi, wale makuhani wa misituni. Kwa watu wanaokutana mara moja kwa wiki, hiyo ni miaka ya kungojea kuimba wimbo wa kwanza.

Halafu kuna sifa za kuzaliwa. Nguvu, busara, wepesi na haiba, zote nne zisipungue 15. Akili isipungue 12. Siha isipungue 10. Nilipoona hivyo sikuweza kujizuia. Ukitupa dadu tatu za kawaida kwa kila sifa na kukubali zinavyokuja, uwezekano wa kupata 15 au zaidi ni 20 kati ya 216. Zidisha mara nne, weka na zile mbili za mwisho, unapata mtu mmoja kati ya takriban 58,000. Niliandika mistari kumi ya Python kuhakikisha, nikaumba wahusika milioni moja, na waliofaa kuwa malenga wakatosha viti vya matatu moja ya abiria 18. (Kwa haki, kitabu cha mwamuzi cha mwaka 1979 kilipendekeza njia zenye huruma zaidi, kama kutupa dadu nne na kuiacha iliyo ndogo. Hata hivyo.)

Na baada ya taabu hiyo yote, ukiwa vitani unaimba raundi mbili, na wenzako wanapata nini? +1 kwenye kushambulia. Ile ile ya rafiki yangu. Nilicheka peke yangu saa sita usiku. Moja hiyo ina umri unaonizidi mimi kwa miaka ishirini.

Lakini kuna kitu kwenye nyongeza ile ya 1978 kilichonizuia kulala. Malenga anapopanda ngazi anapita vyuo vyenye majina ya ajabu: Fochlucan, Mac-Fuirmidh, Doss, Canaith, Cli, Anstruth, Ollamh. Nilidhani Gygax ameyatunga, kwa maana ndiyo kazi yake. Kumbe ni ya kweli. Ni vyeo saba vya washairi wa Ireland ya zamani, vimo katika maandiko ya sheria yao: fochloc, macfuirmid, dos, cano, clí, ánruth, ollam. Aliyekuwa chini alijua hadithi chache. Ollam, aliye juu kabisa, ilisemekana anajua 350, baada ya masomo ya miaka 12. Heshima ya ollam mbele ya sheria ililingana na ya mfalme mdogo. Na hapa kuna kichekesho kwa wapenda usahihi: wenye vyeo hivyo waliitwa fili, na sheria hiyo hiyo iliwatenga na bardi, waliokuwa washairi wa daraja la chini wasio na elimu ya chuo. Gygax aliwavika bardi kanzu za wakubwa zao.

Nikaendelea kusoma mambo ya hao mafili badala ya kulala, na kadiri nilivyosoma ndivyo ile +1 ilivyozidi kunikera. Kwa sababu hawa hawakuwa watu wa kuongezea wengine moja. Silaha yao ilikuwa tashtiti. Watu waliamini kwamba fili akimtungia mtu shairi la kumkashifu, uso wake unatoka malengelenge, na mfalme mwenye ila ya mwili hafai kutawala. Katika hadithi zao, mshairi Cairpre alikwenda kwa mfalme Bres akapokelewa vibaya, akapewa chumba kidogo bila moto na vijimkate vikavu. Asubuhi akamtungia, na tangu siku hiyo ufalme wa Bres ukaanza kunyauka. Hiyo, wanasema, ndiyo tashtiti ya kwanza ya Ireland. Ukarimu mbaya kwa mgeni mwenye ulimi: hata Pwani wangekuambia hilo si jambo la kujaribu.

Wala si hadithi tu. Waingereza waliotawala sehemu ya Ireland walitunga Sheria za Kilkenny mwaka 1366, na humo wakawapiga marufuku washairi, wasimulizi na wapiga vinubi wa Kiairishi wasiingie kwa Waingereza, kwa sababu walikuwa wanaona siri zao na kuzipeleka. Serikali inamwogopa mpiga kinubi. Sasa ile sehemu ya uizi ya Schwegman ikaanza kunielea.

Turudi kwenye vitabu. Mwaka 1985 malenga aliingia kwenye kompyuta kwa mlango mkubwa, katika mchezo The Bard's Tale, ambako nyimbo zake zikiisha inabidi umpeleke baa anywe ndipo aweze kuimba tena. Waandishi wa mchezo huo, nadhani, walikuwa wamewahi kukutana na wanamuziki.

Mwaka 1989 toleo la pili, lililoongozwa na David Cook, likamwokoa malenga kutoka kwenye nyongeza. Sasa unaanza nayo ngazi ya kwanza, masharti yamebaki matatu tu (wepesi 12, akili 13, haiba 15), na amewekwa kundi moja na mwizi. Akapewa uchawi wa wachawi halisi. Wimbo wa vita? Uimbe raundi tatu kabla pambano halijaanza, na wenzako wanapata, mmekisia, +1.

Toleo hilo lina hitilafu moja ninayoipenda mno. Wezi walipanda ngazi kwa pointi chache kuliko wachawi, na malenga alitumia jedwali la wezi. Nguvu ya mpira wa moto inategemea ngazi ya anayeurusha, dadu moja kwa kila ngazi hadi kumi. Sasa angalia: ukiwa na pointi 160,000, mchawi yuko ngazi ya 9, na malenga mwenye pointi hizo hizo yuko ya 10. Mpiga zumari anarusha moto mkubwa kuliko mchawi aliyesomea moto! Hakuna aliyelipanga hilo. Ni majedwali mawili yaliyoandikwa mbalimbali na mtu akayaunganisha. Mimi nimewahi kuleta hitilafu ya namna hiyo katika mfumo wa mishahara, na haikuwa ya kuchekesha vile.

Toleo la tatu, la 2000, waliloandika Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams, ndilo lililomfanya muziki wake kuwa mfumo kamili: idadi ya nyimbo kwa siku, wimbo wa kutia ushujaa, wa kunasa macho ya watu, wa kuzima uchawi wa sauti. Akapewa na uchawi wa kuponya. Mwaka 2003, katika 3.5, ile moja ikaruhusiwa hatimaye kukua: +2 ukifika ngazi ya 8, +3 ngazi ya 14, +4 ngazi ya 20. Rafiki yangu alikuwa ngazi ya 4. Ndiyo miaka ile ile malenga akawa kichekesho cha kila mtu, yule anayesimama nyuma ya vita na gambusi lake. Toleo la nne la mwaka 2008 lilitoka bila yeye kabisa, akarudi Machi 2009 katika kitabu cha pili, akiwa na shambulio jipya liitwalo Vicious Mockery: anamtukana adui na adui anaumia. Imechukua miaka 33, lakini Cairpre amefika mezani.

Toleo la tano, la 2014, ndilo lililonifanya nisimame nitembee chumbani. Malenga amepewa uchawi kamili hadi daraja la 9, sawa na mchawi, na wengi husifu hilo. Mimi nilichokiona ni kidogo zaidi. Ile +1 imeondolewa. Mahali pake malenga anampa mwenzake dadu, yenye pande 6 mwanzoni, na hatimaye 12. Dadu yenyewe, kitu cha kushika, inavuka meza kutoka mkononi mwako hadi mkononi mwake. Mwenzako akitupa na kuona hali ni mbaya, anaitumia. Kanuni za 2024 zimelainisha zaidi: inakaa saa nzima badala ya dakika 10, na unaitumia baada ya kujua umeshindwa.

Kihesabu dadu ya pande 6 ni wastani wa 3.5, si muujiza. Lakini tazama kilichobadilika. Zamani mchango wa malenga ulikuwa umefichwa ndani ya jumla ya mtu mwingine, na ili uonekane mtu alipaswa kuweka kijidaftari. Sasa kila mtu mezani anaona ni nani aliyemwokoa nani. Kazini kwangu wa zamani kulikuwa na dada mmoja aliyekagua msimbo wetu sote. Tathmini ya mwaka ilihesabu mistari uliyoandika, naye alikuwa wa mwisho kila mwaka hadi alipoondoka. Baada ya hapo ndipo tulipojua alikuwa anafanya nini. Ile ni +1.

Basi ningeweza kununua vitabu vipya na kumaliza hadithi hapa. Lakini bei mnaijua, na tena nilikuwa nimeshashikwa. Kama Gygax aliruhusiwa kuchukua vyeo vya Ireland, kwa nini mimi nisiandike malenga wa kwetu?

Nikaanza na Fumo Liyongo, kama alivyosimuliwa katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Amefungwa na mfalme wa Pate, walinzi wanakula vyakula vizuri anavyoletewa na kijakazi Saada. Anamtungia wimbo ampelekee mama yake: oka mkate wa wishwa, utie tupa ndani. Walinzi wanasikia wimbo, hawaelewi. Wanaona mkate wa wishwa, hawautaki. Kisha anaomba achezewe gungu kabla ya kuuawa, na ngoma zikivuma yeye anakata minyororo kwa tupa, hakuna anayesikia. Hapo wimbo umefanya kazi mbili, na hakuna hata moja ambayo ni kumwongezea mtu shabaha. Umepitisha ujumbe mbele ya adui, na umefunika sauti.

Nikaandika ukurasa mmoja. Malenga ana beti tatu kwa kila mkutano. Ubeti wa kwanza ni wa kuokoa: mwenzako akitupa dadu ikaanguka vibaya, unaiokota wewe na kuitupa upya, na itakavyoanguka ndivyo ilivyo. Kama nafasi yake ilikuwa nusu kwa nusu, umempa asilimia 50 mahali ambapo +1 ingempa 10. Wa pili ni fumbo: unasema jambo mbele ya maadui na wenzako peke yao wanaelewa. Wa tatu ni gungu: kwa muda wa wimbo mmoja, kitu kimoja anachofanya mwenzako hakisikiki. Si lazima mchezaji aimbe kweli. Aseme tu wimbo unahusu nini. Rafiki yangu ana aibu na sauti yake inafanana na ya jenereta.

Nilimpigia nikamwambia aje, hata kama ni kutazama tu. Jumamosi iliyopita alikuja saa nane, amechelewa, akakaa kwenye kiti cha pembeni na kijidaftari chake kimefungwa. Nikampa ule ukurasa. Akausoma hadi mwisho, akarudia juu, akaniuliza kama ubeti wa kuokoa unaweza kutumika kwenye dadu ya adui. Nikasema sikuwa nimefikiria hilo. Akasema basi, ukikubali, beti tatu ni nyingi mno, utaharibu mchezo. Akatoa kalamu, akakata "tatu", akaandika "mbili", akasogeza kiti mezani.